Maduka Mawili Yaliyoanguka Wiki Moja

"Nilikwambia nini, mzee wangu? Nikibadili kitu kimoja, hatugusi kingine. Tunasubiri. Sasa hii ni nini?"

Bi Mizani aliigeuza kompyuta ili Fundi ajionee mwenyewe. Chini kabisa ya tovuti ya karakana yake, mahali ambapo juzi palikuwa peupe, neno "viatu" lilikuwa limeandikwa na kurudiwa mpaka macho yakachoka. Viatu viatu viatu, mstari kwa mstari, kama mtu anayeita kuku.

Fundi alijifanya anatafuta nyundo.

"Nilifikiri mtambo wa utafutaji haujasikia," alisema mwishowe.

"Si kiziwi. Umenivurugia kipimo, mzee. Nilikuwa napima kasi ya kufunguka. Leo tovuti ikipanda au ikishuka, nitasema ni kasi au ni hizi kelele zako?"

"Wewe si ulisema neno likitajwa sana tovuti inapanda?"

"Nilisema napima kama inapanda. Lahaula! Kupima na kusema ni vitu viwili."

Alivifuta "viatu" vyote, akashusha pumzi, akaanza kuhesabu kusubiri upya. Ndivyo alivyokuwa. Jina la Bi Mizani alilipata enzi zake za polisi, kwa sababu hakukubali kwamba gunia limepunguzwa sukari mpaka alipime kwa mkono wake. Alipoacha kazi ya serikali jina likamfuata, na karibu ni hilo peke yake lililomfuata. Sasa alikuwa anapeleleza kivyake, kwenye chumba cha kupanga chenye viti viwili, na kile cha pili kilikuwa cha kuanikia nguo.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi alishona viatu vya watu wenye miguu isiyolingana: soli nene kushoto, nyembamba kulia, kisigino kilichoinuliwa kwa ustadi mpaka mtu akitembea hujui. Kwa miaka mingi, yeyote aliyeandika kwenye simu yake "kiatu cha mguu mfupi" aliiona karakana ya Fundi juu kabisa ya majibu. Kisha mkewe akafariki. Haukupita muda, tovuti ikaporomoka mpaka kurasa za nyuma ambako hafiki mtu, labda aliyepotea. Wateja wakakatika.

Fundi hakuhitaji mpelelezi wa kumwambia nani kafanya. Alishamjua. Ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyefundishwa kazi kwenye benchi hii hii, akaondoka, akafungua duka lenye vioo, na tovuti yenye sentensi zilezile za Fundi, neno kwa neno. Alichotaka kwa Bi Mizani ni ushahidi tu. Kesho asubuhi alikuwa na miadi kwa wakili. Shemeji angeshtakiwa, na huyo shemeji ndiye jamaa pekee aliyembakia Fundi duniani.

"Halafu kuna siku naiona ipo ya kwanza," Fundi alilalamika, akitoa simu yake. "Hebu tazama. Juu kabisa! Huyu mtoto anaiachia asubuhi, mchana anaishusha."

"Simu yako inakujua, mzee. Kila siku unaitafuta tovuti yako, unaibonyeza. Mtambo unakupa unachokipenda. Hiyo ni ya kwanza kwako tu."

Bi Mizani alifungua mkoba, akatoa simu yake ya kazi. Ilikuwa haina akaunti, haina picha, haina namba hata moja iliyohifadhiwa. Kila mara kabla ya kupima aliifuta upya ili isikumbuke chochote. Akaandika maneno yale yale. Karakana ya Fundi haikuonekana ukurasa wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu.

"Hii haimjui mtu," alisema. "Hii ndiyo inayosema kweli."

Fundi aliitazama ile simu tupu kwa muda. Kisha akarudi kwenye soli yake.

Chumbani kwake, mchana ule, Bi Mizani alikula amesimama, sahani kwenye ukingo wa dirisha, macho kwenye kioo cha kompyuta. Hakuna aliyempigia. Jirani wa ukuta wa pili alikuwa anacheka na wageni wake, na kwa kitambo kidogo mpelelezi aliacha kutafuna ili asikie wanacheka nini. Hakusikia vizuri. Akanywa maji, akarudi kazini.

Jedwali lake lilikuwa rahisi. Upande mmoja, tovuti zote zilizokuwa ukurasa wa kwanza. Upande mwingine, kila kitu alichoweza kupima: zinafunguka haraka kiasi gani, zina maandishi marefu au mafupi, kichwa cha ukurasa kimetaja kiatu au hakikutaja, zina umri gani, na ni tovuti ngapi nyingine zinazoelekeza watu kwao. Mtambo wa utafutaji haumwambii mtu siri zake. Lakini anayeshinda darasani unaweza kumchunguza amefanana na wenzake wanaoshinda kwa lipi.

Kasi? Ile iliyoongoza ilikuwa inafunguka kwa kujivuta, unaweza kwenda kufua ukarudi. Urefu? Ya pili ilikuwa na aya mbili na picha ya kiatu kilichopigwa upande. Umri? Zilichanganyika. Na kwa Fundi alishajaribu kimoja kimoja: alibadili kichwa, akasubiri, hakuna. Alirefusha maandishi, akasubiri, tovuti ikasogea kidogo tu kama mgonjwa anayegeuka kitandani. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichokuwa na nguvu ya kuiangusha tovuti kutoka juu mpaka shimoni.

Basi akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya mwanzo, na alijilaumu kwa sauti, maana hakuwa na mtu mwingine wa kumlaumu. Alimtafuta mshukiwa. Kama shemeji ndiye mwizi, yuko wapi? Ukurasa wa kwanza hayupo. Wa pili hayupo. Bi Mizani aliendelea kubonyeza mbele mpaka akalikuta duka lenye vioo, limelala karibu na la Fundi, huko huko kusikofika mtu.

"Ebo!" alisema peke yake chumbani.

Alifungua kumbukumbu za zamani za majibu ya utafutaji. Kabla ya kuanguka, shemeji alikuwa ukurasa wa kwanza pia, hatua chache chini ya Fundi. Walianguka wiki moja. Mwizi gani huyo anayebomoa nyumba ya jirani na yake akiwa ndani?

Bi Mizani alipofika dukani kwake, shemeji hakuwa tajiri wala mjanja kama alivyosimuliwa. Vioo vya duka vilikuwa vitatu, kimoja kimezibwa kwa ubao. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, amekaa na kiatu cha mtoto mapajani, kidogo kama kiganja, anaunga mkanda kwa uzi mwekundu. Duka zima halikuwa na mteja.

"Karibu, dada. Ni kwa ajili ya mtoto?"

"Ni kwa ajili ya kesi." Bi Mizani alivuta kigoda. "Nimetumwa na shemeji yako."

Uzi ulisimama. "Yu mzima?"

"Mzima. Anasema umeiba maneno ya tovuti yake."

"Sijaiba. Alinipa dada yangu, marehemu."

"Lini?"

"Nilipofungua hapa. Nilimwambia mimi kushona najua, kuandika sijui. Akasema chukua yetu, utabadili baadaye. Sikubadili. Uvivu tu, dada, wala si ubaya."

"Fundi alijua?"

"Dada yangu alisema atamwambia. Nadhani alikuwa anamvizia siku ya furaha." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Unamjua shemeji. Niliondoka kwake bila kuaga vizuri."

"Na kumshusha mtandaoni?"

"Mimi?" Alikiweka kiatu chini. "Mimi nilidhani yeye ndiye kanishusha! Tangu msiba hapokei simu zangu. Wiki ile ile duka likafa ganzi. Nikasema haya, mzee kamlipa fundi wa kompyuta anikomeshe. Nikanyamaza. Ningefanyaje? Dada kafa, yeye ndiye ndugu niliyebaki naye. Nikagombane naye juu ya tovuti?"

Bi Mizani alimtazama mikono. Mikono ya waongo huwa haijui ikae wapi. Hii ilikuwa imetulia juu ya magoti, ina gundi kwenye kucha.

"Wateja wako walikuwa wanakupataje zamani?"

"Wengi wazazi. Wakifika wanasema Mama Kisigino katuelekeza."

"Nani huyo?"

"Hata simjui. Nilidhani nesi wa hospitali fulani. Nilikuwa nasema siku moja nimtafute, nimshukuru. Na yeye naona katuacha."

Bi Mizani aliinuka haraka mpaka kigoda kikaanguka. Mlangoni shemeji alimwita.

"Dada. Ukimwona shemeji, mwambie namsalimu. Hata asipojibu."

Hakuhitaji kurudi chumbani. Alikaa kwenye benchi la kituo cha mafuta, kompyuta mapajani, akafungua safu ya mwisho ya jedwali lake, ile aliyokuwa ameijaza harakaharaka: tovuti zinazowaelekeza watu kwa Fundi. Leo zilikuwa karibu hakuna. Lakini zamani? Akafukua viungo vilivyokufa, anwani za kurasa zilizowahi kuwaelekeza watu kwa Fundi. Vilikuwa vingi, lundo, na vyote vimetoka mahali pamoja: jukwaa moja la mtandaoni ambako watu wenye ulemavu wa miguu na wazazi wa watoto wao huulizana maswali. Akafukua vya shemeji. Lundo jingine, dogo kidogo, jukwaa lile lile.

Alibonyeza kimoja. Kikafunguka ukurasa wenye swali la mama fulani, mwanawe anachubuka kisigino. Chini yake palikuwa na jibu lililobaki kama kaburi lisilo na maandishi: "Mchangiaji huyu ameondoka. Maneno yake hayapo tena." Na chini ya hapo, mama yule alikuwa ameshukuru: "Asante sana Mama Kisigino, tumefika kwa fundi, Mungu akuweke."

Akabonyeza kingine, na kingine. Kila mahali ni hivyo hivyo. Swali, pengo, shukrani.

Hapo hesabu ikakaa sawa. Si kasi, si kichwa, si neno viatu kuitwa kama kuku. Lililoziinua tovuti zote mbili lilikuwa jukwaa lenye watu, ambako mtu mmoja anayeaminika, siku baada ya siku, alimwambia mwenye shida: nenda pale. Watu wazima aliwapeleka kwa Fundi. Watoto aliwapeleka kwa shemeji. Alipoondoka, maneno yake yakaondoka naye, viungo vikafa, na maduka yote mawili yakakosa wa kuyashika.

Alimpigia msimamizi wa jukwaa. Ilikuwa sauti ya mwanamume aliyechoka.

"Mama Kisigino? Usinikumbushe. Yule ndiye aliyekuwa jukwaa lenyewe. Alifunga akaunti ghafla, bila kwaheri. Tulijiuliza tumemuudhi nini."

"Aliomba kwa barua?"

"Hapana, kutoka simu yake mwenyewe. Alibonyeza sehemu ya kuondoka." Akataja tarehe.

Bi Mizani aliifahamu tarehe ile. Ilikuwa wiki moja baada ya mazishi ya mke wa Fundi.

"Amefariki," alisema. "Alikuwa ameshafariki."

"Basi nani kabonyeza?" msimamizi aliuliza.

"Maneno yake mnaweza kuyarudisha?"

"Tunayahifadhi kwa muda, kisha yanafutwa moja kwa moja. Ya kwake yanafutwa kesho. Lakini mimi sina uwezo nayo. Mpaka yeye mwenyewe, kwa simu ile ile, abonyeze kurudi."

Fundi alikuwa bado kwenye benchi. Jua la jioni lilikuwa limeingia mpaka katikati ya karakana na kuishia kwenye kiti kitupu chenye mto wa kushonwa kwa mkono, upande wa pili wa benchi. Hakuna aliyekuwa amekihamisha kiti hicho.

"Umepata ushahidi?" Fundi aliuliza.

"Nimepata. Mzee, simu ya marehemu mkeo iko wapi?"

Nyundo ilibaki hewani. Kisha Fundi aliiweka chini taratibu, akavuta droo. Ndani zilijipanga kalibu za mbao za miguu ya wateja, na katikati yake simu nyeupe iliyofungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa na chaji.

"Ina sauti yake," alisema kwa kujitetea. "Na picha. Ndiyo maana naichaji."

"Kuna siku uliishika ukabonyeza kitu?"

Fundi aliisukuma nyundo pembeni. Alikaa. Alipoanza kusema, alikuwa anaitazama ile simu, si mpelelezi.

"Ilikuwa inalia. Kila asubuhi. Natia gundi, inalia. Nakata ngozi, inalia. Naangalia, imeandikwa Mama Kisigino, Mama Kisigino. Watu wanamwita. Sijui akina nani. Na mimi, unajua mazoea, nikisikia simu yake nainuka kumpelekea. Mara ngapi nimefika mpaka mlango wa jikoni nimeishika mkononi! Nasimama pale kama mwehu."

Bi Mizani alimwacha aseme.

"Siku moja nikasema basi. Nikatafuta pa kuzima. Nikaona pameandikwa ondoka. Nikabonyeza. Ikaniuliza una uhakika, nikabonyeza tena. Ikanyamaza." Alijifuta uso kwa kiganja chenye rangi ya viatu, kikamwachia doa shavuni. "Nilidhani naondoa mlio tu."

Mpelelezi alikuwa ameshawahi kuwaambia watu wengi jina la mtu aliyewatenda. Hii ilikuwa mara ya kwanza kutamani jedwali lake liwe limekosea. Lakini alimweleza, polepole, kituo kwa kituo: jukwaa, majibu ya mkewe, watu wazima huku, watoto kule, maduka mawili kuanguka wiki moja.

"Watoto alikuwa anawapeleka kwa shemeji?" Fundi aliuliza.

"Ndiyo."

"Hakuniambia."

"Shemeji anasema alikuwa anakuvizia siku ya furaha."

Fundi alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. "Mke wangu yule! Angengoja sana."

"Anakusalimu. Shemeji. Alisema nikwambie hata usipojibu."

Fundi aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalitikisika, na Bi Mizani akajishughulisha kukunja waya wa kompyuta ambao ulikuwa umekunjwa tayari. Alikuwa hajui kumshika mtu bega. Miaka mingi ya kukaa peke yake ilikuwa imemsahaulisha namna ya kufanya hivyo.

"Yanaweza kurudi," alisema baada ya muda. "Maneno yake yote. Mwisho ni kesho. Ukibonyeza hapa, kwa simu hii." Akamwonyesha. "Lakini nikuambie kweli, mzee. Tovuti haitapanda leo wala kesho, mtambo hufanya mambo kwa muda wake. Na jambo la pili. Ukibonyeza, itaanza kulia tena."

"Kama zamani?"

"Kama zamani. Kuna namna ya kuzima mlio peke yake. Naweza kukufanyia sasa hivi, ni kitu cha dakika."

Fundi aliishika simu kwa mikono miwili. Aliangalia kile kiti chenye mto. Jua lilikuwa limeshakiacha, limebaki sakafuni.

"Acha mlio," alisema, na akabonyeza.

Kwanza hapakuwa na kitu. Fundi akamtazama mpelelezi kwa hofu, kama mtu aliyeambiwa atavutwa jino na haumwi bado. Kisha ikalia. Alishtuka, akashika ukingo wa benchi, tayari ameshanyanyua kiuno. Akajikuta amesimama. Akakaa tena.

Alisogeza simu mbali na macho, akasoma kwa sauti, neno moja moja: "Mama Kisigino umerudi? Tulikuwa na wasiwasi. Binti yangu mguu umekua, kiatu kinambana, sijui nimpeleke wapi."

"Unaweza usijibu," Bi Mizani alisema.

"Kiatu kinambana mtoto, nisijibu?" Fundi alimkaripia. "Watu wengine nyie!"

Akaanza kuandika kwa kidole kimoja kinene, akifuta, akiandika tena. Bi Mizani aliyasoma kwa juu ya bega lake. "Mimi ni mume wa Mama Kisigino. Amefariki. Mtoto usimpeleke kwa mafundi wa ovyo. Viatu vya watoto anashona mdogo wa marehemu, ndiye hodari kuliko mimi." Kisha akaandika mahali lilipo duka lenye vioo, barabara na kona, bila kuuliza mtu. Kumbe alikuwa anaijua njia siku zote.

Bi Mizani alifunga mkoba. Ile simu tupu ilikuwa ndani, haijui mtu.

"Kesho utakuja kupima?" Fundi aliuliza.

"Nitakuja," alisema, na akafurahi kuwa kuna mahali anapongojwa. "Lakini si asubuhi. Asubuhi una wakili."

"Asubuhi sina nafasi." Fundi hakuinua kichwa, alikuwa anatafuta kitufe cha kutuma. "Kuna watu wamengoja sana majibu. Ukipita kule kwa kijana, mwambie aje na mto wake wa kukalia. Kile kiti hakikaliwi na mtu bila mto wake mwenyewe."

Simu ikalia tena. Safari hii hakuinuka kumpelekea mtu.